Majembe Yaliyopita Msibani

Nyumba yangu ya Rwamishenye niliijenga kwa tofali za kuchoma, nikaiezeka kwa bati nene, na ukipita barabarani utaiona kabla hujaona ya mtu mwingine. Sikurithi hata msumari. Shule niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nilikuwa nakwenda zile siku ambazo hakuna ndizi za kubeba. Leo mwalimu aliyenichapa anakuja dukani kwangu kununua saruji na ananiita mzee. Nayasema haya ujue anayeandika ni mtu wa namna gani. Ni mtu asiyekwama.

Nilikwama mara moja. Mama yangu alipokuwa anakufa, kule Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba nilikozaliwa, sikuwa na mtu wa kumchimbia kaburi.

Kwetu mtoto wa kuzaa hachimbi kaburi la mzazi wake. Hata uwe na nguvu za kung'oa mti, siku hiyo utakaa ndani kwenye nyasi za sakafuni, usikilize. Wanaochimba ni majirani. Hawalipwi wala hawaitwi. Wanasikia kilio, wanachukua majembe, wanakuja. Mtu ambaye majirani hawakuja kumchimbia, habari zake zinasemwa mpaka wajukuu wake wanaota mvi. Na mimi majirani walikuwa wameniacha miaka mingi kabla ya hapo, na sababu ya kuniacha ni jembe hilohilo.

Nianze na vita, maana huyo jirani nitakayemsema alikuja na vita.

Nilikuwa kijana, ndevu zinaanza. Watu wa mpakani, ng'ambo ya mto Kagera, walikimbia wakaja kusini, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori ya mizigo. Wakafika hadi kwetu, upande wa Rubya. Mama alikuwa mjane, na mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Akafungua mlango. Akakata nyasi ndefu za rweya, kule uwandani nje ya migomba, akatandika sakafu upya, akalaza humo familia nzima: mwanamume mmoja, mke wake na watoto wao. Tulikula chungu kimoja. Chumvi hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa ni hadithi. Wanawake wawili jiko moja, na sikumbuki hata siku moja mmoja kumuuliza mwenzake nani kamaliza kuni. Mizinga ilikuwa mbali, sisi hatukuisikia. Lakini kijana wao mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa mtoto mdogo tu, akisikia lori alikuwa anakimbia kujificha kwenye migomba, na mama yangu anakwenda kumtoa kwa mkono.

Vita vikaisha. Yule bwana akarudi kwao, akakuta nyumba imeng'olewa mpaka milango, akarudi tena kwetu. Mama akamkatia kipande pembeni mwa kibanja, akampa na machipukizi ya migomba ya kuanzia. Akamwita mwanangu. Naye akamwita mama. Mimi akaniita mdogo wangu, nami nikamwita kaka, na nilipenda kumwita hivyo kwa sababu kaka wa tumbo moja sikuwa naye.

Alikuwa mtu wa kazi, siwezi kumnyima hilo. Baada ya miaka michache mikungu yake ilikuwa minene kuliko yetu. Watu wakamchagua balozi wa nyumba kumi, mtu wa kuja. Mila zetu na za kwao ni zilezile karibu zote, lakini sisi tulizaliwa kati yake tukazizoea kama mtu anavyozoea pua yake mwenyewe. Yeye alizishika kwa mikono miwili. Harusi ikikosewa, anajua. Mgeni asipotolewa kikapu cha kahawa ya kutafuna, anajua, na anasema.

Mimi nilikuwa nakua kwa upande wangu. Baiskeli ya ndizi, halafu baiskeli mbili, halafu pikapu kuukuu niliyoinunua haina breki nikaitengeneza mwenyewe kwa akili yangu. Hakuna aliyenionyesha.

Kisha ugonjwa. Mwanzoni tuliupa jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa kinaingia kwa magendo, maana waliokivaa ni vijana wa biashara za mpakani, na hao ndio waliotangulia. Baadaye hatukuupa jina lolote. Tulisema fulani anaumwa, basi, na kila mtu alielewa.

Sina mengi ya kueleza hapo. Walikufa. Unazika upande huu wa kilima, unasikia kilio upande wa pili. Kuna nyumba ziliisha, mlango ukabaki umefungwa kwa kamba ya mgomba, na watoto wakagawanywa kwa bibi zao. Mimi haukunigusa. Watu walisema nina dawa. Sikuwa na dawa, nilikuwa na kazi. Nilifika mahali nasikia kilio nikiwa nakula na naendelea kula. Kila mtu alikuwa hivyo, asikudanganye mtu.

Sasa, kwetu mtu akifa jembe linalala. Kijiji kizima. Tangu kilio mpaka matanga yaanuliwe, hakuna wa kugusa udongo isipokuwa wachimba kaburi. Ardhi imefunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja, wewe usiifungue kwa ajili ya tumbo lako. Zamani ilikuwa karibu wiki, na hakuna aliyeona ni nyingi, maana watu walikufa kwa nafasi. Miaka ile matanga yalipandana. Hili halijaanuliwa, lile limeanza. Mvua za kupandia zikaja na kupita, watu wamekaa msibani na mbegu za maharage ziko kwenye vikapu. Migomba ikamezwa na majani. Wanawake wakaanza kusema chinichini kwamba ugonjwa utamaliza nusu yetu na njaa itamaliza iliyobaki.

Tukaitana uani kwa balozi. Shauri lilikuwa moja: tupunguze. Siku ya kuzika na siku inayofuata, basi, kisha kila mtu na jembe lake. Nilikuwa wa kwanza kuunga mkono, na nilisema vizuri, watu wanakumbuka mpaka leo. Nilisema marehemu hali maharage. Hata wazee walicheka, na miaka ile kicheko kilikuwa adimu.

Yeye hakucheka. Alisema, "Mdogo wangu, ukianza kumpunguzia maiti siku, utafika mahali umpunguzie na kaburi."

Likapita hata hivyo. Balozi ni mtu mmoja, wenye njaa ni wengi.

Mtu wa kwanza kuzikwa kwa kipimo kipya alikuwa mwanawe mkubwa, yule wa kujificha kwenye migomba. Alikuwa Mwanza kwenye biashara ya samaki, akarudishwa akiwa mfupa na ngozi, hakukaa sana. Kwenye mazishi nilifanya mambo ambayo hakuna mwingine aliyeweza. Pikapu yangu ndiyo iliyobeba mbao na watu. Mchele wa kulisha waliotoka mbali ulikuwa wangu. Nilikaa kwenye nyasi siku ile na siku iliyofuata kama tulivyopitisha.

Kesho yake alfajiri nilikwenda mjini na mzigo wa ndizi. Nilikuwa nimekodi eneo kubwa kule rweya, mvua imeshanyesha, na vibarua wangu kutoka upande wa Ngara nimewaambia waingie kazini. Ambacho sikukijua ni kwamba asubuhi ile kijiji kizima kiliamka kikakaa. Hakuna mkutano uliofanyika. Hakuna aliyetangaza. Kila mtu alitoka nje, akaangalia nyumba ya balozi, akaona aibu kuwa mtoto wa balozi ndiye apimiwe kidogo, akarudisha jembe ndani. Ningejuaje? Halikupitishwa. Kitu kisichopitishwa mtu anakijulia wapi?

Mchana vibarua walirudi kutoka rweya. Njia inapita mbele ya uwanja wa msiba. Wakapita wamebeba majembe begani, na majembe yana udongo mbichi.

Mama alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia. Yule bwana akainuka kwenye nyasi, akamwendea kibarua wa mbele, akachukua jembe lake. Yule kibarua alidhani atapigwa. Hakupigwa. Bwana akaupangusa udongo kwa kiganja mpaka jembe likawa safi, akaenda kuumwaga ule udongo juu ya kaburi la mwanawe, akamrudishia jembe. Akakaa.

Jioni nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwake, maana mimi si mtu wa kujificha. Nilimkuta na wazee wawili watatu. Nikamwambia, "Kaka, siku zilikwisha. Tulipitisha wote."

"Zilikwisha kwako."

"Na rweya si kibanja. Tangu lini mila ya kibanja ikafika rweya?"

"Mtoto amelala pale," alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Wewe ulishindwa kumngoja hata kidogo."

Nikamwambia kama ni habari ya kungojana, mama yangu alimngoja yeye tangu vita. Kipande anachokalia hakukilipia. Nikasema na neno mkimbizi.

Wanaonipenda husema hapo ndipo nilipoharibu. Mimi nasema nilichosema kilikuwa kweli, kipande hakukilipia, na hata yeye hakubisha. Mzee mmoja akasema, "Waitu, mwenzetu, nenda nyumbani sasa," kwa adabu kabisa, nikaenda.

Wakaniwekea adhabu: mbuzi mmoja na lubisi, pombe ya ndizi, ya kutosha kijiji, niilete kwa mikono yangu, nikae chini mbele yake. Mbuzi kwangu alikuwa kitu gani? Ningeweza kuleta zizi. Lakini kukaa chini mbele ya mtu aliyelala kwenye nyasi zetu, kwa kosa ambalo kwa sheria waliyoipitisha wao wenyewe si kosa, hapana. Nikakataa. Basi wakaniacha. Kwetu hawakupigi, hawachomi nyumba. Wanaacha tu. Ukisalimu, wanaangalia pembeni. Moto ukizimika, hupewi kaa. Kikapu cha kahawa kinapita mbele yako kama vile hapo ulipokaa pana hewa.

Nikahamia mjini. Nilipanga chumba cha duka kwa familia ya Kihindi iliyokuwa imebaki, mzee na mkewe tu, watoto wao wote ng'ambo, na walipoondoka nao nikachukua duka lote. Nikauza misumari, bati, majembe. Nikajenga Rwamishenye. Ukiniuliza kama niliumia, nitakwambia nilikuwa na kazi.

Mama alikataa kuja. Nilimwandalia chumba chenye kitanda cha chuma na dirisha la kioo, akalala siku mbili, akaomba arudi. Alisema hapa mjini hajui nani amefiwa. Akawa anaendelea kwenda misibani kule kijijini. Alikuwa mama wa nyumba iliyoachwa, basi walimwachia nafasi pembeni, karibu na mlango, na kikapu kikimfikia kilipita upesi. Yeye aliyekata nyasi akawalaza. Mke wa yule bwana alikuwa anamletea maji kwa mlango wa nyuma, mumewe akijifanya haoni. Mama alinieleza hayo bila kulalamika, kama mtu anavyoeleza hali ya mvua.

Kila nilipokwenda aliniambia jambo moja: nipeleke mbuzi. Nikamjibu jambo moja. Mwisho akachoka na maneno mengi, akawa anasema moja tu.

"Mimi sitajibeba mwenyewe."

Nikamwambia, "Mawe, mama yangu, nina watu. Nina gari, nina mbao, nina saruji. Utazikwa kuliko mwanamke yeyote wa Muleba."

"Nani atachimba?"

"Nitaleta watu."

"Watu wa nani?" akauliza, akageukia ukutani.

Alipougua nilimpeleka hospitali kwa gari langu. Haukuwa ule ugonjwa, ulikuwa uzee na kifua. Wakanieleza kwa upole kwamba nimrudishe akapumzike kwake, na mimi sikuwa mtoto, nikaelewa. Nikamlaza nyumbani. Nikaenda mjini mara moja, nikachukua wanaume wanne wenye nguvu wanaopakia saruji dukani, nikawapa majembe mapya kutoka rafuni, karatasi za kiwandani bado zimebandikwa. Nikawaambia wakae kwenye gari pembeni ya njia, wasionekane. Nilikuwa nimewaleta kabla hajafa. Alikuwa akiwasikia wakicheka kule nje. Akaniuliza ni nani, nikasema ni vijana wa dukani. Akafumba macho.

Alikufa kesho yake, asubuhi. Mke wangu akapiga kilio.

Kilio kikaenda. Nilikaa kwenye nyasi karibu naye, amefunikwa lubugo, gome la mti lililopondwa ambalo wazee wetu walizikwa nalo. Alikuwa ameliweka mwenyewe zamani chini ya kitanda. Nilisikiliza. Kwetu ukisikia kilio unasikia na milango ikifunguliwa, watu wanaitana. Siku ile nilisikia kuku. Mke wangu akanyamaza, akapiga tena. Nikamtuma awaambie wale wanaume wa saruji waanze, pale nyuma karibu na kaburi la baba.

Hawakuanza. Mke wangu alirudi akasema kuna mtu amefika.

Kwa hiyo hili sikuliona, nimelisikia kupitia ukuta. Nilisikia sauti ya yule bwana, haikupandishwa. Aliwaambia wale vijana, "Wekeni hayo chini. Huyu ana mtoto." Kijana wangu mmoja, mjuvi, akamjibu kwamba wao wametumwa na mwenye mama. Akamwambia, "Hata mimi ni mwenye mama."

Halafu nikasikia jembe moja. Lilikuwa peke yake muda mrefu. Jembe la mtu aliyezeeka, linapiga, linapumzika. Nikafikiri atachimba peke yake mpaka jioni, na mimi nitakaa hapa nimsikie. Halafu likaja la pili, kutoka upande mwingine. Likaja la tatu. Baadaye sikuweza kuyatenganisha.

Walimzika kwa adabu zote. Wanawake walileta ndizi na kuni bila kuniangalia usoni. Na baada ya kuzika, hakuna aliyegusa udongo. Si siku ile na ile inayofuata kama tulivyopitisha. Walikaa ya zamani, wiki karibu nzima, katikati ya msimu wa kupanda, na magugu yanaota. Hakuna aliyetangaza. Na mimi safari hii nilikuwepo, nikakaa, duka limefungwa. Kikapu cha kahawa kilipita kila asubuhi. Kilikuwa kikapu cha mama yangu, kahawa ya kibanja cha mama yangu, mke wangu ndiye aliyekibeba, na alipotoka kwangu na kukipeleka kwao walisubiri kwanza, wakachukua kutoka upande wa pili wa kikapu.

Siku matanga yalipoanuliwa nilimfuata yule bwana njiani. Alikuwa na jembe lake begani, limepanguswa safi. Sikuleta mbuzi. Nilidhani hapo mambo yamejimaliza yenyewe.

Nikamwambia, "Kaka. Nakushukuru. Kwa hiyo yamekwisha?"

Alisimama. "Nimemzika mama yangu," alisema. "Yako na yangu yako palepale."

Akaenda zake. Ndiyo mara ya mwisho kuzungumza naye. Bado yu hai. Ni mzee sana sasa, nasikia haoni vizuri. Kibanja cha mama yupo mtu anakitunza, na kipande kile cha pembeni sijawahi kukidai.

Nimefikiria kwa nini wakati wa vita tulilala nyumba moja hatukugombana, na wakati hakuna hata risasi moja tukashindwana kwa sababu ya udongo kwenye jembe. Wenye elimu wana majibu yao. Mimi naona wakati wa vita hakuna aliyemdai mwenzake machozi. Tulidaiana chakula, na chakula kidogo kinagawanyika. Baadaye kila nyumba ilikuwa na maiti wake, na kila mmoja anaangalia mwenzake amemlilia wake kiasi gani. Hicho hakigawanyiki. Lakini labda si hivyo. Labda ni mimi na yeye tu.

Miaka ya karibuni nimenunua eneo Kibeta, zuri, nikapanda migomba, na nimemwambia mke wangu nitazikwa humo. Majirani wa kule ni watu wa kuja wote, watumishi, wafanyabiashara. Hatugombani kabisa. Kila mtu na ukuta wake. Mwaka juzi jirani wa ng'ambo ya ukuta alifiwa, wakaweka turubai na viti vya kukodi, na upande huu kibarua wangu alikuwa anapalilia. Nyumba zote za jirani watu walikuwa wanalima, wanafua, wanasikiliza redio. Ndivyo kulivyo kule.

Nilimwambia kibarua aweke jembe chini. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia nitamwambia.

Akalisimamisha ukutani. Nikaenda nikalipangusa udongo kwa kiganja. Ng'ambo walikuwa wanazika sijui wapi, gari lilikuwa limeshaondoka na maiti, na waliobaki walikuwa wanakunja viti. Hakuna aliyechungulia. Nilikaa pale mpaka jua likageuka, kisha nikarudi dukani.